Shaba Ichongwe au Iliwe na Dawa?

Kwa miaka mingi, aliyetaka kujitengenezea bodi ya saketi nyumbani alichapa mchoro kwa printa ya leza, akauhamishia juu ya shaba kwa pasi ya moto, kisha akaichovya bodi kwenye dawa ya kloridi ya feri hadi shaba isiyofunikwa iliwe yote. Siku hizi mashine ndogo za CNC za mezani, zinazoongozwa na kompyuta, hufanya kazi hiyo kwa biti nyembamba inayochonga mfereji kuzunguka kila njia ya umeme. Wengi huisifu kwa kuwa haina dawa. Ni kweli haina, lakini sifa hiyo pekee haitoshi.

Dawa yenyewe huacha madoa yasiyotoka na hula hata sinki la chuma. Kibaya zaidi ni ile iliyokwisha kutumika, maana imebeba shaba iliyoyeyuka, sumu kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Ukiitia magadi kidogo kidogo shaba hutuama, ila mashapo hayo nayo yanataka pa kupelekwa. Kwa karakana ya shule ambayo maji yake huishia shimoni nyuma ya jengo, sioni namna ya kuitetea ndoo hiyo.

Hata hivyo, kuchonga nako kuna madhara yake. Bodi zilizozoeleka, FR-4, ni za faibaglasi. Vumbi lake huwasha ngozi, halifai kabisa kuvutwa mapafuni, tena huumaliza upesi ukali wa biti. Ndiyo maana mafunzo ya Fab Lab, mtandao wa karakana ulioanzia chuo kikuu cha MIT, Marekani, hupendelea FR-1, ambayo ni karatasi iliyogandishwa kwa resini. Hata hiyo hutoa vumbi, kwa hiyo mashine ya kufyonza vumbi na barakoa si anasa.

Penye ugumu hasa ni kwenye kina. Tabaka la shaba kwa kawaida lina unene wa milimita 0.035 tu. Chukua biti ya pembe ya digrii 30 yenye ncha ya milimita 0.1. Ikizama milimita 0.1, mfereji unakuwa na upana wa takriban 0.15. Bodi ikiwa imebinuka kidogo na biti ikazama 0.3, upana unafika 0.26, na njia nyembamba zinaliwa. Dawa haijali mbinuko. Mchongaji hana budi kuiacha mashine iguse uso wa shaba sehemu nyingi kwanza, ili programu irekebishe kina. Wanaoruka hatua hii ndio huilaumu mashine.

Kwa muda, dawa hula bodi nzima kwa mkupuo, hata bodi kadhaa pamoja, ilhali biti hufuata mstari mmoja mmoja. Lakini mashine hiyohiyo hutoboa matundu na kukata kingo bila bodi kuondolewa mezani. Aliyewahi kuvunja keekee za milimita 0.8 kwa mkono anajua thamani ya hilo.

Kwa mwanafunzi anayejaribu saketi yake ya kwanza, ningechagua kuchonga, kwa FR-1. Kwa chipu zenye miguu inayopishana nusu milimita, bado naamini zaidi dawa, pamoja na bodi inayochorwa kwa mwanga wa urujuanimno. Mifereji ya biti ni myembamba na shaba hubaki kila upande, hivyo tone dogo la lehemu huivuka kwa urahisi. Kabla ya kuwasha umeme, pima kwa multimita kama kuna mguso kati ya kila njia na jirani yake.