Dola Mia kwa Mechi: Kipa wa Hoki wa Zamani Alilipwa Anachostahili?

Dola 7,000 kwa msimu. Hicho ndicho kima cha chini cha mshahara ambacho wamiliki wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, walikikubali mwanzoni mwa 1958 baada ya mwaka mzima wa kuvutana na wachezaji. Mazungumzo kuhusu kipato cha makipa wa zama zile yakianza, hakosekani mtu wa kuitaja namba hiyo ili kuonyesha kwamba walilipwa vizuri. Kipato cha kati cha familia nzima nchini Marekani mwaka 1957 kilikuwa karibu dola 5,000. Kijana aliyetoka Saskatchewan, jimbo la mashambani Kanada, akipata zaidi ya hapo kwa miezi saba ya kucheza, kisha kiangazi kizima kikawa chake, analalamikia nini?

Hoja hiyo haina uongo, na ndiyo maana inastahili kujibiwa taratibu. Wenye timu nao walikuwa na hesabu zao. Televisheni haikuwa bado mgodi wa leo, na pesa ilipatikana mlangoni, tiketi kwa tiketi. Timu ya Chicago Black Hawks, katikati ya miaka ya 1950, ilikuwa inachechemea kiasi cha kukaribia kufungwa. Mtu anayeendesha biashara ya namna hiyo anajikuna mkono unapofika.

Lakini igawe ile 7,000 kwa mechi 70 za msimu. Unapata dola 100 kamili kwa kila mechi. Kwangu mimi namba hii ndiyo inayosema mengi, kwa sababu inamrudisha mtu mwenyewe golini, na mtu ninayemfikiria ni Glenn Hall, kipa wa Detroit na kisha wa Chicago.

Kuanzia Oktoba 1955 hadi Novemba 1962, Hall alicheza mechi 502 za ligi mfululizo bila kutoka. Hiyo ni misimu saba mizima na mechi 12 juu yake, mpaka mgongo ulipomlazimisha kupumzika. Alicheza zote akiwa uso wazi, bila barakoa, mbele ya kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, kilichogandishwa makusudi kisidundedunde, kikija kwa kasi ya gari la barabara kuu. Hofu na msukumo vilimfanya atapike kabla ya mechi, na hilo lilikuwa jambo la kawaida kwake, tena hakulificha. Wakati huo timu ilikuwa na kipa mmoja tu aliyevaa jezi. Kanuni ya kuwa na wawili ilikuja katikati ya miaka ya 1960. Novemba 1, 1959, Jacques Plante, kipa wa Montreal, alipopasuliwa uso na mkwaju wa Andy Bathgate pale New York, mechi ilisimama hadi aliposhonwa. Plante akakataa kurudi bila barakoa, na kocha wake, ambaye hakuitaka, hakuwa na mwingine wa kumweka golini.

Hall bila shaka alilipwa zaidi ya kima cha chini. Hata hivyo, tukichukua kima hicho kama sakafu, misimu 18, ambayo ndiyo aliyocheza NHL, inatoa dola 126,000. Linganisha na Carey Price, kipa wa Montreal aliyesaini mkataba mwaka 2017 wa miaka minane kwa dola milioni 84. Kwa msimu wa mechi 82, hiyo ni kama dola 128,000 kwa mechi moja. Ni kweli, dola ya 1958 si dola ya 2017, na tusitie chumvi. Tukipandisha ile 126,000 kwa mfumuko wa bei, inakuwa takriban dola milioni moja na kidogo. Price aliipata hiyo kwa mechi nane au tisa.

Mtetezi wa wamiliki atasema tofauti hiyo imeletwa na televisheni, si na dhuluma. Sehemu kubwa ni kweli. Ila hesabu ya mlangoni nayo haimtetei sana. Chicago Stadium ulikuwa na viti 16,666. Msimu ulikuwa na mechi 35 za nyumbani. Chukua mwaka mbaya, nusu ya viti vibaki wazi, na tiketi iwe dola 2 tu. Bado zinaingia zaidi ya dola 580,000. Wachezaji 20 wakilipwa dola 10,000 kila mmoja ni dola 200,000. Safari, waamuzi na makocha wana gharama, sawa, lakini kodi ya uwanja wenye timu walijilipa wenyewe: James D. Norris na Arthur Wirtz ndio waliokuwa nao.

Hapo kwenye jina la Norris ndipo kipimo cha kipato cha familia kinapotupoteza. Mshahara wa fundi wa kiwanda ulikuwa na viwanda vingine pembeni. Akichoka hapa anagonga pale. NHL ilikuwa na timu sita tu, kwa hiyo duniani kote kulikuwa na nafasi sita za kipa katika ligi hiyo, na klabu ikishakusaini ulikuwa mali yake mpaka ikuuze. Tena sita hizo hazikuwa sita. Chicago ilikuwa mikononi mwa James D. Norris, Detroit ya ndugu yake Bruce, na familia ilikuwa na mkono pia Madison Square Garden, nyumbani kwa New York. Ted Lindsay wa Detroit alipoongoza kuunda chama cha wachezaji mwaka 1957, Julai alihamishiwa Chicago, na Hall akafungashwa katika biashara hiyohiyo. Walitoka kwa ndugu mmoja wakaenda kwa mwingine. Ungepandisha bei yako kwa nani?

Alichobaki nacho Hall ni shamba. Mwaka baada ya mwaka alichelewa kambi ya maandalizi, na ujumbe uliotoka Alberta, jimbo la Kanada alikoishi, ulikuwa kwamba anapaka rangi ghala lake. Watu wanakisimulia kisa hicho kama kichekesho. Mimi naona ni mtu anayetumia silaha pekee aliyonayo, yaani kutokuwepo.

Mwaka 1967 ligi iliongeza timu sita kwa mpigo. Hall, mwenye miaka 35 na mgongo uliochoka, akachukuliwa na St. Louis, mojawapo ya timu hizo, kwa zaidi ya dola 40,000 kwa msimu, akaifikisha timu hiyo changa fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, na kuchaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano ingawa walifungwa. Hakuwa bora kuliko alivyokuwa 1958. Wanunuzi ndio waliokuwa wameongezeka.

Wanaosema wachezaji walitunzwa uzeeni na mfuko wa pensheni ulioanzishwa 1947 wasisahau kwamba kila mchezaji alianza kwa kuuchangia dola 900 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Mwaka 1992 mahakama ya Ontario iliamua kwamba ziada ya mfuko huo ilikuwa ya wachezaji, na ligi ilikuwa imeitumia isivyo halali. Wastaafu walirudishiwa mamilioni ya dola, wengi wao wakiwa tayari wazee.

Mwaka 1972 ligi shindani, WHA, ilianza mechi zake. Gerry Cheevers, kipa wa Boston, akahamia Cleveland kwa mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 1.4, yaani dola 200,000 kwa msimu. Hall alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 39, akarudi shambani kwake Stony Plain.