Asilimia ya Turnitin si ushahidi

Kuna mwandishi anayedai kwamba ripoti ya Turnitin, programu ambayo vyuo hukagulia kazi za wanafunzi, ikisoma asilimia 40 basi mwanafunzi kaandikiwa na akili mnemba; hapo kachanganya vitu viwili. Ipo asilimia ya kufanana, inayolinganisha kazi na maandishi yaliyokwisha kuhifadhiwa. Nukuu na orodha ya marejeo zisipoondolewa kwenye hesabu, inapanda hata kwa kazi safi kabisa. Asilimia ya akili mnemba ni nyingine, ilianza Aprili 2023, nayo ni makisio: inaangalia jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Ndiyo maana Kiingereza cha darasani, sentensi fupi na msamiati wa kawaida, humponza asiye na hatia. OpenAI wenyewe, waundaji wa ChatGPT, waliondoa kitambuzi chao cha maandishi ya akili mnemba Julai 2023 kwa kukosa usahihi, na mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikazima cha Turnitin. Msimamizi anayetaka ushahidi afungue historia ya matoleo kwenye Google Docs: kazi ya mtu inakua aya kwa aya, ikifutwafutwa, iliyobandikwa inatua maneno 1,500 kwa mkupuo. Kisha achukue marejeo matatu, aingize DOI (namba ya utambulisho wa makala) ya kila moja kwenye tovuti ya doi.org. Marejeo yaliyobuniwa na akili mnemba hayafunguki, au yanaleta makala ya mada nyingine kabisa, ingawa mwaka, juzuu na kurasa vyote vimepangwa vizuri. Hapo asilimia ya nini tena? Na aliyetumia akili mnemba kunyoosha sarufi tu, vyuo vyenu vinamtaka atamke wapi: kwenye shukrani au sura ya mbinu za utafiti?