Basavanti, benye sayansi, mutanilipa lini?

Banasema Thomas Edison mu 1879 alitengeneza ampuli (balbu) ya kuwaka masaa mingi. Sawa, pongezi kwake, lakini miye niko na swali moja: alijaribishia wapi? Juu kama angejaribishia huku kwetu Katuba, mu Lubumbashi, ile kazi angeacha siku ya kwanza. Angebadirisha kawaya, giza, angebadirisha kengine, giza, angefikiri ampuli njo mubaya kumbe kuran (umeme) njo imeenda tangu asubui, mwisho angefungua kaboutiki ka kuuzisha mishumaa na tungemukopa.

Bibi yangu ananiambia niache kelele, ule muzungu alikufa zamani. Basi miye nikamuambia hii kuran yote inapita ndani ya shaba, na shaba iko ya nani? Pale pale nikachukua kaye (daftari) ya mutoto nikaanza kufanya esabu, nani eko na deni yetu na nani hana.

Alessandro Volta hana. Mu 1800, kule Italia, alipandanisha visahani vya shaba na vya zinki, katikati anatia kitambaa cha kuloana maji ya chumvi, batri ya kwanza ikazaliwa. Ile shaba haikutoka kwetu, juu wakati ule batu ba huku walikuwa banaifua misalaba ya kuuziana bintu, na kiwanda cha kuyeyusha hapa Lubumbashi kilianza paka 1911. Volta, enda na amani.

Michael Faraday naye nilimufutia. Mutoto wa mufuzi wa vyuma, masomo kidogo, kazi yake ya kwanza kushona bitabu, na ule njo mu 1831 alionyesha ukipitisha sumaku ndani ya waya ya kuzungushwa, kuran inatoka. Ni kitu ile ile inaunguruma mu parseli ya jirani yangu kila magaribi, gurupu (jenereta) ni sumaku na shaba tu zinazungukana, tofauti ni kwamba Faraday sizani alikuwa anaiwasha juu ya kuangalia mupira na volimi ya mwisho, tena moshi unaingia kwa batu benye hata kutazama hawatazami. Halafu kuko Zénobe Gramme, fundi wa mbao, mu 1871 alitoa dinamo ya kufaa kazi kweli. Mubelgiji. Deni ya Babelgiji haiingie mu kaye ya mutoto, ile tutaongea siku ingine.

Sasa kuko ile vita ya Edison na Nikola Tesla, injinia mwengine wa kuran. Edison alitaka kuran ya kwenda paka njia moja, Tesla na benzake banataka ile ya kwenda na kurudi, na ya kwenda na kurudi njo ilishinda. (Tesla mwenyewe alikufa 1943 mu chumba cha hoteli New York, mifuko tupu, ule miye namusikia kama ndugu.) Lakini sikia maajabu: ule muzinga wa waya wa kutoka bwawa ya umeme ya Inga paka Kolwezi, kilometa karibu 1700, ule wa mwanzo wa miaka ya 80, unabeba kuran gani? Ya njia moja! Juu safari ikiwa ndefu vile, njo ile inapotea kidogo. Inapita juu ya mavilaji, batu banainua macho banaiona inaenda kwa mamine (migodi). Kumbe ile Edison alishindwa nayo Marekani ikakuya kushinda huku, na miye sijaona ya Edison wala ya Tesla, kwangu ya njia moja ni ile ya kwenda tu.

Nikafika kwa John Goodenough, kalamu ikaanza kunitetemeka na furaha. Mu 1980, Oxford, yeye na benzake njo balionyesha ukitia kobalti mu batri ya litiamu inakuwa na nguvu ya ajabu, mu 1991 Sony ikaanza kuuzisha, leo masimu zinatembea nayo dunia nzima. Na kobalti zaidi ya nusu ya dunia inatoka Kongo, inatoka huku huku! Nikaandika: DENI KUBWA. Halafu nasikia mzee ile batri haikumupatia hata senti moja ya haki, Nobel banamupatia mu 2019 akiwa na miaka 97. Nikafuta. Utamudai nini mutu muko naye mu hali moja?

Sasa simu yangu inabakia na 4%, naipeleka kwa kale kakijana ka kuchaji, kamerundika masimu juu ya ralonji (waya ya kuongezea) moja, nalipa. Uniambie vizuri: nalipa ili kobalti ya kwetu ikunywe kuran kupitia shaba ya kwetu.

Mutoto wangu njo akaniambia, papa, si kuko roboti ya rulaji, ya kuongoza magari mu barabara? Zile za Mama Thérèse Izay Kirongozi, injinia wetu, zilianza Kinshasa mu 2013 halafu hata huku zikafika, ziko na pano yao ya solari. Ni kweli! Roboti haina fakture, haina delestaji (kukatiwa kuran), inaangaza nyekundu na kijani bila kuomba mutu. Nikaenda, nikaizunguka polepole, nainama naangalia kama iko na katundu ka chaja. Polisi mumoja akanikaribia, "mzee, unatafuta nini pale?" Nikamujibu naangalia maendeleo ya inchi.

Akatoa simu yake mu mufuko, imezimika zii, akaniambia: "Kale katundu hakako, miye nilishatafuta."