Ufa wa Mai Mahiu si mfano mzuri
Mwandishi wa makala kuhusu Afrika kupasuka ameuleta tena ule ufa uliotokea ardhini Mai Mahiu, Kenya, Machi 2018, kana kwamba bara lilikatika usiku mmoja. Jamani, pale mvua kubwa ilisomba majivu ya kale ya volkano yaliyolala chini ya ardhi! Bonde la Ufa linapanuka kweli, ila milimita chache tu kwa mwaka. Kucha zako zinaota haraka zaidi. Kama alitaka mfano wa bonde likipanuka, angetaja mlima wa volkano wa Gelai, kaskazini mwa Tanzania. Julai 2007 magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza chini ya mlima huo, matetemeko yakafuatana kwa wiki kadhaa, kubwa lao likafika ukubwa wa 5.9, hadi Nairobi watu wakakimbia kutoka maghorofani. Septemba, jirani yake, volkano Ol Doinyo Lengai, akaanza kurusha majivu.