Kaunta buku mbili za Mafinga

Jirani yetu mmoja hapa Mafinga, mzee aliyepigana vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin, amejaza kaunta buku mbili kwa kumbukumbu zake. Wanawe hawaelewani. Mkubwa anasema mambo ya jeshini huishia jeshini. Binti wa mwisho anataka yachapwe. Wote wawili wameniomba niseme neno, na mzee mwenyewe amenipa nisome.

Hoja ya kaka mtu si ya kupuuza. Askari hula kiapo, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haina mzaha na siri. Tena kumbukumbu ya miaka zaidi ya arobaini huchanganyika na za vijiweni: tukio ukisimuliwa mara kumi, ya kumi na moja unajiona ulikuwepo. Anayetaka kujua kikosi kipi kilifika wapi siku gani asitegemee kaunta buku.

Lakini binti haulizi hayo. Anauliza kwa nini radi za Desemba zikianza baba yake huondoka kitandani akaketi sakafuni, mgongo ukutani, mpaka mvua ikatike. Mama yake aliambiwa ni baridi ya miguu. Jibu liko kwenye kurasa za Lukaya, huko Uganda, Machi 1979, pale Brigedi yetu ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ilipotawanyishwa na makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin ikakimbilia kinamasini, kabla jeshi letu halijajipanga na kushinda. Mzee anaandika kwamba alilala ndani ya maji usiku huo, akajisaidia kwenye suruali, na asubuhi hakuna aliyemcheka kwa sababu hakuwa peke yake. Sijawahi kusikia habari hiyo katika wimbo wowote wa ushindi.

Kuna hesabu nimeifikiria sana tangu nizisome. Wanahabari wawili walioingia Kampala pamoja na jeshi letu, JWTZ, waliandika kuwa askari wetu 373 walikufa katika vita hiyo, na kati yao 96 ndio waliouawa kwenye mapigano. Toa, wanabaki 277. Hao walikufaje? Gari lililopinduka, homa, bunduki ya mwenzako iliyofyatuka ikisafishwa? Wazazi wao waliambiwa nini, huko Makete au Ileje? Masimulizi ya kishujaa hayajui pa kumweka kijana aliyekufa chini ya lori. Mzee anaye mmoja wa namna hiyo, na amempa kurasa sita. Lukaya yenyewe ina nne.

Kinachomtisha zaidi kaka mtu ni Masaka. Mji ule wa Uganda ulibomolewa baada ya kutekwa na jeshi letu, kwa hasira ya mambo ambayo majeshi ya Amin yaliyafanya Kagera, na baba yake alikuwepo. Anaogopa wajukuu watamwona babu yao kama mtu mbaya. Mimi nimemwona mtu ambaye hajajisamehe, na nimemheshimu zaidi.

Sisi wa Iringa tulipaswa kuwa tumejifunza. Vita vya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, dhidi ya Wajerumani tunavisimulia kila mwaka, Lugalo 1891, Kalenga 1894. Ila walioandika vitabu vya walichokiona na kukihisi ni Mjerumani, Kapteni Tom von Prince, na mkewe Magdalene. Shujaa wa Kihehe aliyetetemeka nyuma ya ukuta wa Kalenga hakupata daftari.

Ushauri wangu niliompa kaka mtu ni huu: majina ya wenzake yaondolewe, habari za silaha na mipango zipunguzwe, kurasa za kinamasi na za Masaka zibaki zilivyo. Hajanijibu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa 1958, na macho ya mzee yameanza kuingia ukungu. Buku la pili linaishia Lukaya. Kampala bado hajaiandika.