Maksi Nimpe Nani?

"Baba Stevo, nani alishinda jana kwenye mdahalo wa urais wa Kenya?" Kinyozi ananiuliza hivyo huku wembe uko sikioni, asubuhi ya tarehe 27 Julai 2022. Mwanadamu akiwa na wembe sikioni hujibu kwa adabu, lakini jamani, alishinda nani na nani? Mgombea William Ruto alisimama pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Nairobi, dakika 90 nzima akihojiwa na watangazaji. Mpinzani wake mkuu, Raila Odinga, hakutokea. Mimi nimezoea dakika 90 za mpira, lakini mpira wa timu moja ndiyo mara ya kwanza kuombwa nitaje mchezaji bora.

Na huo ulikuwa mdahalo wa pili wa jioni hiyohiyo! Wa kwanza ulikuwa wa wagombea wengine wawili, Mwaure na Wajackoyah. Wajackoyah akasema hajibizani na mtu mpaka wagombea wote 4 wapande jukwaani pamoja, basi Mwaure naye akabaki kujisemea peke yake. Hebu piga hesabu: wagombea 4, midahalo 2, na hakuna hata mmoja aliyekatizwa na mwenzake. Nyumbani kwangu tuko watano na sijawahi kumaliza sentensi.

Wajuzi wa plotini, majirani zangu wa nyumba za kupanga, wananiambia kususia mdahalo ni mbinu. Mbinu gani? 2017 Rais Uhuru Kenyatta hakwenda, Raila akajibu maswali peke yake, halafu Uhuru akatangazwa mshindi (Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wenyewe, lakini hiyo ni kesi nyingine). 2022 Raila akasusia, akashindwa. Kwa hiyo kususia kumetoka sare ya 1-1, na mimi bado nadaiwa maksi na kinyozi.

Hizo maksi zenyewe ni za nini? Mwaka 2013, mdahalo wetu wa kwanza kabisa wa urais, wagombea wote 8 walisimama, saa tatu na zaidi, watu tukasinzia tukaamka wakawa bado wapo. Hapa plotini kila mtu alisema Peter Kenneth ndiye ameongea vizuri. Suti safi, hoja safi, sauti haipandi. Nikajua huyu sasa ni rais. Siku ya matokeo: kura 72,786, katika nchi iliyopiga kura zaidi ya milioni 12. Mwalimu Dida, aliyeingizwa dakika za mwisho akaja kutuchekesha, alipata 52,848 na kumpita Martha Karua, mtu aliyewahi kuwa waziri wa sheria. Majirani waliomsifu Kenneth usiku ule niliwauliza mmoja mmoja walimpigia nani. Wakaanza kuniuliza habari za maji.

Mkenya ana karatasi mbili, bwana. Ya maksi anaijaza sebuleni, ya kura aliijaza zamani, akiwa kwa mama yake mzazi.

Usiku huo wa Ruto mama mboga wetu, anayetuuzia mboga hapa mtaani, alikuja kutazama kwangu, maana kampeni nzima alikuwa anatajwa yeye. Mama mboga hivi, mama mboga vile. Akavaa leso mpya, akakaa kiti cha mbele kama mgeni rasmi. "Baba Stevo, mimi leo nimo kwenye televisheni." Kwamba hakuna mgombea hata mmoja aliyewahi kununua sukuma yake, hilo hakulisema. Unga wa kilo 2 serikali ilikuwa imetangaza juzi tu kuwa umeshuka kutoka shilingi 205 hadi 100, na dukani tukaonyeshwa rafu tupu kwa heshima zote. Nilitaka kusikia habari za rafu. Wao wakawa kwenye mabilioni, tena kwa Kiingereza cha suti, ikabidi Stevo, kidato cha pili, awe anamnong'oneza mama wa watu.

"Anasemaje kuhusu deni la taifa?"

"Anasema litalipwa."

"Litalipwa na nani?"

Stevo akatazama televisheni. Kisha wote wawili, bila kuambizana, wakanigeukia mimi. Mimi, ambaye mita yangu ya stima ilikuwa imeanza kulia kuwa umeme unakwisha tangu swali la pili!