Wapagazi wa Tabora nao walitembea

Julai ikikaribia, hapa Utah, Marekani, huwa nawaonea wenyeji wivu. Siyo wivu wa barabara wala umeme usiokatika, hayo nimeshayazoea. Nawaonea wivu kwa jinsi wanavyowajua watu wao wa zamani, mmoja mmoja, kwa jina, na kwa kile alichokuwa amekibeba alipofika.

Tarehe 24 Julai ni sikukuu ya jimbo zima. Ofisi za serikali zinafungwa, gwaride linapita katikati ya Salt Lake City, usiku fataki. Wanaikumbuka siku ile ya mwaka 1847 Brigham Young alipoingia katika bonde hili na msafara wa kwanza wa Wamormoni, au Watakatifu wa Siku za Mwisho, kama wanavyopenda wenyewe kuitwa. Walikuwa wamefukuzwa Illinois, baada ya nabii wao Joseph Smith kuuawa na genge la watu wenye silaha katika jela ya Carthage mwaka 1844. Nyuma ya msafara huo wakaja wengine, kama watu 70,000, mpaka reli ilipokamilika mwaka 1869. Mimi si wa dini yao. Ni Mwislamu wa Tabora, nimekuja huku kutafuta maisha. Ila jambo jema halina dini.

Sherehe yenyewe ni ya siku moja. Kilichonivuta mimi ni kazi inayofanyika siku nyingine zote za mwaka, na kazi hiyo imeshikwa na akina mama. Aprili 1901, mwanamke mmoja aitwaye Annie Taylor Hyde, binti wa John Taylor aliyekuwa rais wa tatu wa kanisa hilo, aliungana na wanawake wenzake wa Salt Lake City wakaanzisha chama, Daughters of Utah Pioneers, yaani mabinti wa watangulizi wa Utah. Chama si cha kanisa na hakidai mtu awe muumini. Kinachodaiwa ni uzao: uwe na bibi au babu aliyefika Utah kabla ya tarehe 10 Mei 1869, siku ambayo reli ya mashariki na ya magharibi zilikutana pale Promontory. Kuanzia siku hiyo mtu alikuja amekaa kwenye behewa, kwa hiyo hahesabiwi mtangulizi.

Jirani yangu, bibi wa makamo ya mama yangu, alinialika kwenye kikao cha tawi lao. Nilitarajia ukumbi na maspika. Nikakuta sebule, viti vya kukunja, wanawake wasiozidi kumi na tano, wengi wenye mvi. Wakasali, mmoja akapiga piano, kisha mama mmoja akasimama na karatasi mbili akasoma habari za mama wa bibi yake. Huyo alikuwa msichana kutoka Uingereza, aliyekuja mwaka 1856 na msafara wa mikokoteni. Nasema mikokoteni kwa maana ile ile ya Kariakoo, magurudumu mawili na mti wa kuvutia, ila hii ilivutwa kilomita 2,000. Kila mtu mzima aliruhusiwa mzigo wake binafsi wa kilo 8 tu, nguo na matandiko humo humo. Misafara miwili ya mwaka huo, wa Willie na wa Martin, ilichelewa kuondoka, ikakutwa na theluji Wyoming mwezi wa Oktoba. Watu zaidi ya 200 walikufa. Baba wa yule msichana akazikwa njiani.

Halafu akatoa kitu kwenye mfuko wa kitambaa: kijiko cha bati, kimepinda shingo, ukingo mmoja umelika kwa kukwangua sufuria. Kwenye mpini kimefungwa uzi, na kwenye uzi kijikaratasi: jina la aliyekuja nacho, jina la meli, mwaka, jina la binti aliyerithi, jina la mjukuu aliyerithi baada yake. Wakakipitisha mkono kwa mkono hadi kikanifikia. Nilikisoma kile kijikaratasi mara mbili. Kijiko chenyewe hakina thamani yoyote sokoni. Kinachokifanya kuwa cha maana ni yale majina matatu yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino.

Vitu vya namna hiyo vimejaa kwenye jumba lao la makumbusho juu kule Main Street, lililofunguliwa mwaka 1950. Usitegemee taa za kisasa na skrini. Ni makabati ya kioo yaliyosongamana: wanasesere, viatu vya watoto, mafarishi ya kushonwa kwa vipande, hata mashada ya maua yaliyosukwa kwa nywele za watu, kila unywele wa mtu anayejulikana. Chini ya kila kitu kuna kadi ya nani alikitumia na nani alikileta. Vitu hivyo havikukusanywa na serikali. Ni wajukuu waliokuja na vya nyumbani kwao mikononi.

Sasa nije kwetu.

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, na Unyanyembe, eneo la Tabora yenyewe, ilikuwa njiani, mahali pa kupumzika, kubadilisha wapagazi na kununua chakula. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Kijana ambaye hajafika pwani alikuwa bado hajawa mtu mbele ya wenzake. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, zaidi ya kilo 30: pembe za ndovu kushuka, nguo na shanga na waya kupanda. Weka hilo kando ya kilo 8 za yule msichana. Yeye alivuta mali yake kwenda kwake. Babu zetu walibeba mali ya wengine, wakarudi, wakabeba tena. Na sisi pia reli ndiyo iliyofunga ukurasa huo: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Ukienda Tabora leo ukiulizia kumbukumbu za misafara, utapelekwa Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Nyumba imetunzwa, na sina ugomvi nayo. Lakini ni nyumba ya mgeni, aliyekaa hapo miezi michache akisubiri wapagazi. Na hao wapagazi je? Tunawajua Susi na Chuma kwa sababu Livingstone alipofariki kule Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, wao na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipopita Unyanyembe wakakutana na Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Walikuwa watu wenye msimamo, waliojua walichokuwa wanakifanya. Tunamjua hata Halima, aliyekuwa mpishi wa msafara. Wamejulikana kwa sababu Mzungu aliandika daftarini na Mzungu akafa. Maelfu waliobeba pembe miaka yote ile, bila Mzungu wa kuwaandika, hata mitaa yetu haina majina yao.

Nikiyasema haya kwa simu, ndugu zangu hunijibu: wenzetu walijua kusoma, waliandika. Ni kweli kwamba viongozi wa Wamormoni waliwahimiza watu kuandika shajara, na misafara mingine ilikuwa na karani. Lakini karatasi mbili nilizosomewa pale sebuleni hazikuandikwa na yule msichana wa mkokoteni. Ziliandikwa na mjukuu aliyemkalisha bibi chini akiwa mzee, akamuuliza. Chama kilipoanzishwa mwaka 1901 ilikuwa imepita miaka 54 tangu msafara wa kwanza. Waliotembea walikuwa bado hai, barazani, wanaulizika. Kwetu ingekuwa sawa na miaka ya sitini, wakati wa uhuru. Na kwamba wazee wetu walikuwa wanakumbuka halina ubishi: mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walitumwa kusini kukusanya simulizi za Vita vya Maji Maji, zaidi ya miaka 60 baada ya vita, wakazipata kwa wingi, kijiji kwa kijiji. Wazee walikuwepo. Walihitaji wa kuwauliza.

Kwa hiyo sikubali kwamba tatizo ni pesa au Uafrika wetu. Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, Wasukuma wana makumbusho yao yaliyoanzia miaka ya hamsini kwa padri David Clement na wazee waliomkubali, na kila Juni ngoma za Bulabo zinachezwa, vyama viwili vya wachezaji, Bagalu na Bagika, vikishindana mbele ya umati. Si mbali na Tabora. Sisi Wanyamwezi ni ndugu zao wa karibu kabisa na tumebaki kuangalia.

Lakini nisiwasifu watu wa Utah kupita kiasi. Katika msafara ule wa kwanza wa 1847 walikuwemo watu weusi watatu waliokuwa watumwa: Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Kwenye mnara wa Brigham Young ulio katikati ya jiji majina yao yapo, lakini yametengwa chini, wameitwa watumishi. Sanamu zao za heshima, pamoja na ya Jane Manning James, mwanamke mweusi huru aliyefika mwaka huo huo, zilisimamishwa mwaka 2022 tu, baada ya miaka 175. Vibaya zaidi ni habari ya Bear River, upande wa jimbo jirani la Idaho, ambako Januari 1863 wanajeshi wa Marekani waliwaua mamia ya Washoshone, wenyeji wa asili wa huku, wanawake na watoto wakiwemo. Mwaka 1932 mabinti hawa hawa wa watangulizi walishiriki kuweka kibao pale, na kibao kikaita mauaji yale mapigano. Washoshone wenyewe wamenunua sehemu ya ardhi hiyo mwaka 2018, na sasa wanasimulia kwa mdomo wao.

Hapo ndipo sisi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi kuliko wao. Njia ya Ujiji haikupitisha wapagazi wa kulipwa peke yao. Ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Tabora na Ujiji zimejaa familia za wazao wa waliofungwa na wazao wa waliofunga, wameoana, wanasali msikiti mmoja, na ni aibu kubwa mtu kutajiwa asili yake. Nimekua nikisikia watu wazima wakikatisha mazungumzo mtoto anapoingia. Tukianzisha chama cha uzao kama cha Utah, cha kuuliza babu yako alikuwa nani ndipo uingie, tutawafukuza wale wale wenye habari nzito kuliko zote. Chetu kiwe cha mtu yeyote mwenye kumbukumbu ya njia ile, Mnyamwezi, Mmanyema, Mwarabu, Mswahili. Na anayetaka jina la bibi yake lifichwe, lifichwe.

Jambo jingine linanikaa moyoni kwa sababu naliona hapa hapa. Salt Lake City ina familia nyingi za Wakongo na Warundi tunaozungumza nao Kiswahili. Watoto wao wakifika darasa la nne wanasomeshwa historia ya Utah: mikokoteni, maksai, theluji. Ni habari nzuri na wazijue. Ila mtoto huyo ana bibi aliyekimbia Fizi, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita vya 1996, akavuka Ziwa Tanganyika na mtumbwi usiku, akaishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka na miaka. Bibi huyo yuko jikoni, anakaanga sambaza, yaani dagaa, na mjukuu hajawahi kumuuliza. Yeye ndiye mtangulizi wa familia hiyo Marekani, hata kama alikuja kwa ndege baada ya 1869.

Basi tumeanza, wanawake wachache, baada ya mchezo wa upatu, maana pale tunakutana tayari. Mmoja anasimulia, kijana mmoja anarekodi kwa simu, mwingine anaandika daftarini. Tunauliza mambo madogo: ulitoka na nani, ulibeba nini, uliacha nini, nani alikupokea. Mama mmoja alileta kitenge alichombebea mtoto siku ya kuvuka. Tumekifungia karatasi yenye jina lake, jina la kijiji na mwaka.

Desemba nakuja Tabora, inshallah. Wa Isevya, Ipuli, Kanyenye na Ng'ambo, mwenye mzee anayemkumbuka babu yake akitaja pwani, naomba aniandikie mapema, maana wazee hatuwafuati na maswali siku ya kuaga. Na kama nyumbani kuna kitu, kengele ya msafara, shanga, kipande cha nguo, chochote, msikiuze kwa wanaopita kununua vya kale. Kifungieni uzi na karatasi leo, mwandike cha nani.